Nyuzi za DMC kwa kudarizi bahari: uzoefu wangu na picha ya Paje

Picha yangu ya kudarizi ya bahari ya Paje, kijiji cha pwani Zanzibar, imekamilika na imeshafuliwa, kwa hiyo nasema bila wasiwasi: kwa kazi ya bahari, nyuzi za pamba za DMC zinastahili bei yake. Sababu kubwa ni namba. Kila rangi ina namba yake kwenye kikaratasi, na uzi ukikuishia katikati ya wimbi unanunua namba ileile, unaendelea. Nyuzi za mafungu zisizo na namba ni rahisi, ila ukizirudia dukani hupati uhakika wa bluu uliyoanza nayo.

Kampuni ni ya Ufaransa, ilianzia Mulhouse mwaka 1746, na rangi zake zinafika kama 500. Kifungu kimoja kina mita 8, na uzi wake umeundwa kwa nyuzi sita nyembamba unazoweza kuzitenganisha. Mimi hukata urefu wa dhiraa moja, nachomoa nyuzi mojamoja kisha naziunganisha tena. Zinalala vizuri zaidi kuliko ukizivuta mbili kwa pamoja.

Kuhusu rangi, usianze kwa kutafuta bluu iliyokupendeza. Anza na kina cha maji. Paje maji yakijaa, karibu na ufuo chini ni mchanga mweupe, kwa hiyo bahari inakuwa nyepesi na ya kijani kidogo. Panapoota majani ya bahari pana madoa ya giza. Mbele yake ni mwamba na mstari wa povu, na ukishauvuka mwamba, kilindi: bluu nzito, ghafla. Ule mruko ndio Paje yenyewe. Ukishona rangi zinazokolea taratibu kutoka chini hadi juu utapata bahari nzuri, lakini itakuwa ya mahali pengine.

Kwa hiyo ndani ya mwamba nilitumia namba 3811, 598 na 597, ambazo ni za ukoo mmoja wa bluu yenye ukijani, na 3810 kidogo tu kuelekea mwamba. Rangi nzito za ukoo huohuo, 3809 na 3808, niliziacha kwa makusudi, nikaruka moja kwa moja hadi bluu nzito 336 nje ya mwamba, na 823 iliyo nzito zaidi kwenye upeo. Majani ya bahari ni 3362, kijani kilichokolea. Hizi 336 na 823 zichague mchana, mlangoni penye mwanga wa jua, maana chini ya taa zinafanana sana.

Maji yote nimeyashona kwa mishono mirefu na mifupi inayopishana, imelala kufuata upeo. Kwenye maji mafupi uzi mmoja tu, ili kitambaa kionekane kwa mbali. Kilindini nyuzi mbili. Rangi mbili zinapokutana ndani ya mwamba, naweka kwenye sindano uzi mmoja wa kila rangi. Tena uzi huu una mng'ao wake: ukiinamisha mshono kidogo, namba ileile inaonekana rangi nyingine kwa jinsi inavyopokea mwanga. Ndiyo maana sikuweka nyuzi za kung'aa za kampuni yoyote. Zinachambuka haraka, na bahari hii haikuzihitaji.

Povu ndilo lililonipa raha. Ni vifundo: unatoa sindano juu, unazungusha uzi mara moja au mbili kwenye sindano, unaukaza kwa kidole gumba cha mkono wa kushoto, kisha unaishusha sindano kando ya tundu ulilotokea. Si ndani ya tundu lilelile, kifundo kitapita chini kipotee. Vingine nilivifanya kwa uzi mmoja, vingine kwa mbili au tatu, na nikavisonganisha bila mpangilio. Vikilingana vinaonekana shanga. Nyeupe ziko mbili muhimu. Blanc ni tulivu, nimeitumia karibu kote. B5200 ni nyeupe kali, inatosha kwenye ncha chache tu zinazopigwa na jua.

Mchanga sikuushona. Nilitumia kitambaa cha marekani ambacho hakijapaushwa, na rangi yake inatosha. Nimetawanya punje za 739, rangi hafifu ya mchanga, hapa na pale basi. Ngalawa ni ndogo, tanga ni Ecru, nyeupe ya krimu, mlingoti ni mshono wa shina, yaani mishono midogo inayopandana kama kamba, kwa uzi mmoja.

Kabla ya kufua, bonyeza kitambaa cheupe chenye unyevu juu ya bluu nzito uone kama kinachukua rangi. Hizi hazikutoa. Nyuzi za mafungu ziliwahi kunitia bluu kwenye mchanga wa kazi nyingine, na doa lile halijatoka hadi leo. Tumia maji baridi, sabuni isiyo kali, na usisugue. Ukipiga pasi, laza picha kifudifudi juu ya taulo nene, upige kwa nyuma, ili vifundo vya povu vizame kwenye taulo visibapuke.