Programu ya habari za soka kwenye simu: shabiki wa Namungo naipa nyota mbili

Niko Lindi mjini, shabiki wa Namungo, timu ya Ligi Kuu kutoka Ruangwa, na programu hii nimeitumia tangu msimu uliopita. Jina silitaji, maana ninacholalamikia hakiko kwao peke yao. Magazeti ya michezo na vipindi vya redio vya asubuhi ni yale yale. Ila hii nailipia, shilingi 100 kila siku inakatwa kwenye salio, kwa hiyo nina haki ya kuisema.

Mazuri yake yapo. Ni nyepesi, haili bando, na hata mtandao ukiwa wa kusuasua njia ya Nanganga kwenda Ruangwa bado inafunguka. Msimamo wa ligi unabadilika mara tu mechi inapoisha. Shabiki wa Simba au Yanga akiichukua, sioni atakachokosa.

Ukijiunga unaambiwa uchague timu yako ili habari zake zikufikie kwanza. Timu zote 16 za Ligi Kuu zimepangwa na nembo zao. Nikabonyeza Namungo. Asubuhi yake arifa ya kwanza ilikuwa ya mshambuliaji wa Simba aliyerudi mazoezini, ya pili Yanga inaingia kambini, ya tatu fununu za usajili wa hao hao. Imeendelea hivyo. Jina la Namungo linachomoza wiki ambayo tunakutana na mmoja wa vigogo wa Kariakoo, yaani Simba au Yanga, na hata hapo tunatajwa kama wapinzani wao tu. Wiki nyingine zote ni kimya.

Kuna Jumamosi moja iliniuma sana. Namungo ilikuwa ugenini saa kumi jioni, muda ule ule Yanga nayo iko uwanjani. Nilikuwa kwa kinyozi, nimefungua ukurasa wa dakika kwa dakika. Wa Yanga ulikuwa na kila kitu: kona, kadi, nani anapasha misuli, kocha kasimama wapi. Wa kwetu uliandikwa "Mpira umeanza", basi. Baadaye matokeo yakageuka yakawa 0–1, tunaongoza, na pale pa jina la mfungaji wameweka kistari. Jamaa aliyekuwa kwenye kiti akauliza, "Nani katufungia, mjomba?" Nikamgeuzia simu akione mwenyewe kile kistari. Jina tulilipata kwa kijana aliyempigia ndugu yake aliyekuwepo uwanjani. Kwenye programu kistari kililala pale hadi kesho yake. Mtu kafunga bao la ushindi Ligi Kuu, kalitolea jasho, halafu hana jina!

Tukiwabana wakubwa ndiyo kabisa. Novemba 2021 Namungo ilitoka sare ya 1–1 na Yanga hapa hapa Lindi, Uwanja wa Ilulu. Kwetu ilikuwa pointi ya kujivunia. Kesho yake nikisikiliza redio ni Yanga imedondosha pointi mbili, Yanga ina tatizo gani, kocha abadilishe nini. Pointi yetu haikuwa na mwenyewe.

Kilichonifikisha kwenye nyota mbili hasa ni sehemu yao ya kumbukumbu. Namungo ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2019/20 na msimu huo huo ikamaliza ya nne. Agosti 2, 2020 ikacheza fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa nchini kule Sumbawanga, Simba wakashinda 2–1, bao letu kafunga Edward Manyama. Kwa kuwa Simba alikuwa na ubingwa wa ligi pia, yeye akaenda Ligi ya Mabingwa na sisi tukaenda Kombe la Shirikisho Afrika. Februari 2021 timu ikafika Luanda kucheza na Primeiro de Agosto ya Angola, ikawekwa karantini baada ya vipimo vya corona, mechi haikuchezwa. CAF, shirikisho la soka la Afrika, ikaamua mechi zote mbili, ya kwao na ya kwetu, zipigwe Dar es Salaam. Ya kwanza tukashinda 6–2, ya pili tukafungwa 3–1, jumla 7–5, tukaingia makundi pamoja na Raja Casablanca, Pyramids na Nkana. Timu ya Ruangwa, wilaya ya korosho na ufuta, imepangwa na Raja! Nimetafuta habari hiyo humo ndani nikakuta matokeo matupu, bila hata mstari mmoja wa maelezo. Simba msimu ule ilifika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa na imepewa kurasa kadhaa. Inazistahili. Lakini na sisi tulikuwa Afrika mwaka ule ule.

Naijua hoja yao. Yanga ya mwaka 1935 na Simba ya 1936 zina mashabiki kila kijiji. Hata Ruangwa, ikija mojawapo, jukwaa linagawanyika, na wengi wetu tumezaliwa kwenye nyumba zenye rangi hizo. Matangazo yanafuata watu. Sawa, lakini shilingi 100 yangu haikatwi nusu kwa sababu timu yangu ni ya mkoani. Na hasara hii haiishii kwa shabiki. Mchezaji wa huku hajulikani mpaka asajiliwe Kariakoo, na mfadhili hawezi kuweka fedha kwenye jezi ambayo haionekani. Tazama Ndanda ya Mtwara. Ilikuwa Ligi Kuu tangu 2014/15 hadi iliposhuka 2020, watu wanajaa uwanja wao wa Nangwanda Sijaona. Leo ukiliandika jina hilo kwenye programu halitoki popote, kama vile hawakuwahi kucheza.

Niliwaandikia huduma kwa wateja. Binti mmoja akanipigia, mstaarabu kweli, akanisikiliza hadi mwisho. Akasema waandishi wao wako Dar es Salaam na mechi za mikoani wanachukua matokeo kwa wengine. Nikamwambia Lindi na Mtwara kuna vijana hawakosi mechi, wana simu nzuri na wanaandika vizuri. Walipwe kwa mechi, watume kikosi, wafungaji na picha mbili. Akaahidi kulifikisha. Sijaona badiliko.

Nimejitoa. Nyota moja ni ya wepesi wake, nyingine ya msimamo wa ligi. Kama unashabikia Namungo, Mashujaa, Kagera Sugar au timu yoyote ya mkoani, usilipie kwanza, ifungue siku timu yako inacheza uone wanaandika nini. Mimi kwa sasa nafuata kurasa za klabu yenyewe na kundi letu la WhatsApp, ambako mechi za nyumbani kuna mwenzetu jukwaani anayetutumia kila bao na jina la aliyelifunga.