Faiawoli ya kifaa kwa kompyuta ya nyumbani: ipi inunuliwe na ipi iachwe dukani

Anayetafuta faiawoli ya kifaa, yaani kisanduku kinachokaa kati ya modemu na kompyuta yake, hukutana kwanza na takwimu za kasi zilizochapishwa kwa herufi kubwa kwenye kasha. Takwimu hizo zina nafasi yake, lakini si mahali pa kuanzia. Katika mwongozo huu nimepanga vifaa kwa kipimo kingine: nani atakayetoa masasisho ya usalama ya kifaa hicho, atayatoa kwa muda gani, na kama mnunuzi atatozwa ada nyingine ili yaendelee kutolewa. Faiawoli nayo ni kompyuta ndogo, iliyowekwa mahali palipo wazi kuliko pote nyumbani, na programu yake ikichakaa bila kusasishwa hugeuka kuwa mlango wenyewe wa mdukuzi.

Jambo hili si la kinadharia. Mwezi Mei 2018 watafiti wa Cisco Talos, kitengo cha usalama cha kampuni ya Cisco, walitangaza kuwa programu hasidi waliyoiita VPNFilter ilikuwa imeingia katika vifaa visivyopungua 500,000 katika nchi 54 au zaidi, vingi vikiwa ruta za majumbani na za ofisi ndogo. Ruta hizo zilikuwa za chapa zinazofahamika na kuaminika, na nyingi zilikuwa na kasoro zilizokwisha kujulikana hadharani au nywila za kiwandani ambazo hakuna aliyezibadilisha.

Kabla ya kufungua pochi

Mtu mwenye kompyuta moja na ruta ya kawaida tayari ana sehemu kubwa ya kinga anayotaka kuinunua. Ruta za nyumbani hubadilisha anwani: vifaa vya ndani hutumia anwani za faragha, mara nyingi zinazoanza na 192.168, na kwa nje vyote huonekana kama anwani moja tu. Pakiti, yaani kipande cha data, inayofika kutoka nje bila kuombwa na kifaa chochote cha ndani haina pa kupelekwa, hivyo hutupwa. Kompyuta yenyewe nayo ina faiawoli ya programu. Windows imekuwa ikija na yake ikiwa imewashwa tangu Windows XP ilipopata sasisho kubwa la Service Pack 2 mwaka 2004.

Kwa hiyo hatua ya kwanza haihitaji hela. Ingia katika mipangilio ya ruta, badilisha nywila ya msimamizi, zima usimamizi kutoka nje, zima UPnP ambayo huruhusu programu yoyote ya ndani kujifungulia mlango bila kukuuliza, kisha sakinisha sasisho la karibuni. Ukikuta sasisho la mwisho lilitolewa miaka mingi iliyopita, hapo ndipo una sababu halali ya kununua. Sababu nyingine ni IPv6, mfumo mpya wa anwani za intaneti unaokuja baada ya ule wa zamani, IPv4. Katika mfumo huo kila kompyuta inaweza kuwa na anwani yake inayofikika kutoka popote duniani, na kinga iliyotokana na kubadilisha anwani haipo tena. Kinachobaki ni kanuni ya faiawoli inayokataa miunganisho isiyoombwa, na kanuni hiyo ama imo katika ruta yako ama haimo.

Sababu ya tatu, ambayo kwangu ndiyo nzito zaidi, ni kutenganisha vifaa. Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai iliteka kamera na ruta kwa maelfu kwa kujaribu tu orodha fupi ya nywila za kiwandani, kisha jeshi hilo la vifaa likatumika kuishambulia mwezi Oktoba kampuni ya Dyn, iliyotafsiri majina ya tovuti kuwa anwani za mtandao, na kuziangusha kwa saa kadhaa tovuti kubwa zilizoitegemea. Kompyuta iliyosasishwa vizuri lakini inayokaa katika mtandao mmoja na kamera ya namna hiyo ina jirani mbaya ndani ya ukuta wake. Faiawoli nzuri hugawa mtandao katika sehemu, ikaiacha kamera itoke nje inapohitaji bila kuiruhusu iifikie kompyuta.

Kile ambacho kisanduku hakitafanya nacho kisemwe mapema. Mawasiliano mengi ya wavuti leo yamesimbwa, hivyo faiawoli huona unakokwenda lakini haioni kinachosemwa humo. Ukiandika nywila yako katika tovuti ya kitapeli, au ukifungua kiambatisho chenye virusi, kifaa cha bei yoyote kinaweza kukupita kikiwa kimya.

Nafasi ya kwanza: ruta inayoendesha OpenWrt

OpenWrt ni programu huria iliyoanza mwaka 2004, ikitokana na msimbo wa ruta ya Linksys WRT54G, na hadi leo inatunzwa na jumuiya isiyotegemea uhai wa kampuni moja. Naiweka juu kwa sababu inachukua nafasi ya ruta yako badala ya kuongeza kisanduku cha pili, na kwa sababu kampuni iliyotengeneza ruta ikiitelekeza, programu huendelea kusasishwa. Mipangilio yake ya mwanzo ni ya busara: kinachotoka ndani kinaruhusiwa, kinachoingia kutoka nje bila kuombwa kinakataliwa, kwa IPv4 na IPv6 pia. Kutenganisha vifaa kwa kanda ni sehemu ya muundo wake tangu chini.

Anayeinunua awe makini na jambo moja linalowaponza wengi. Ruta ya jina lilelile na sura ileile huweza kuwa na matoleo kadhaa ya vipuri, na toleo moja likakubali OpenWrt huku linalofuata likikataa. Soma nambari ya toleo iliyo chini ya kifaa, uilinganishe na orodha ya vifaa ya OpenWrt kabla ya kulipa, si baada. Epuka chochote chenye chini ya megabaiti 16 za hifadhi na megabaiti 128 za RAM. Asiyetaka bahati nasibu hiyo anunue kifaa kinachouzwa kikiwa na OpenWrt tayari, kama vile OpenWrt One, iliyotolewa mwishoni mwa mwaka 2024 ikiwa na gigabaiti 1 ya RAM. Kasoro ya njia hii ni kwamba kupanda toleo jipya ni jukumu la mwenye ruta, na asiyependa kusoma maelekezo ataliahirisha.

Nafasi ya pili: kisanduku chenye OPNsense au pfSense

Hapa ndipo mwenye intaneti ya kasi kubwa, au mwenye hamu ya kuona kila kinachopita, anapopata thamani ya pesa yake. Programu hizi mbili za faiawoli ni za ukoo mmoja: pfSense ilichipuka kutoka programu ya awali iitwayo m0n0wall mwaka 2004, na OPNsense ikajitenga na pfSense mwezi Januari 2015. Zote hukaa juu ya mfumo endeshi wa FreeBSD. Kwa mtumiaji wa nyumbani napendelea OPNsense, kwa kuwa hutoa matoleo makuu mawili kila mwaka, Januari na Julai, na masasisho madogo katikati, hivyo mtu anaweza kupanga ratiba yake. Anayetaka kifaa kilichokamilika, chenye kampuni ya kumjibu, atazame visanduku vya Netgate, kampuni inayotunza pfSense, vinavyokuja nayo tayari.

Ukichagua kompyuta ndogo na kuisakinishia programu mwenyewe, prosesa ya daraja la Intel N100 na RAM ya gigabaiti 8 zinatosha kwa nyumba ya kawaida, na isiyo na feni hukaa sebuleni bila kelele. Hakikisha matundu ya kebo ni mawili au zaidi na yanaendeshwa na chipu za Intel, kwa maana zile za Realtek zimekuwa zikisumbua chini ya FreeBSD kwa muda mrefu. Visanduku visivyo na jina huvutia kwa bei, ila uliza kama mtengenezaji hutoa masasisho ya BIOS, yaani programu ya msingi inayoiwasha kompyuta. Asipotoa, umehamisha tatizo la ruta ya zamani kwenye kifaa kipya. Kompyuta kuukuu ya mezani nayo huweza kufanya kazi hii, lakini itawaka usiku na mchana mwaka mzima, na umeme wake huenda ukagharimu kuliko kisanduku kidogo.

Visanduku vingi vya kundi hili havina Wi-Fi. Hilo huzaa kosa ambalo hufuta faida yote: mtu huweka faiawoli nyuma ya ruta ya kampuni ya intaneti, huunganisha kompyuta kwa kebo, kisha huiacha simu na kompyuta mpakato ziendelee na Wi-Fi ya ruta ileile ya mbele, yaani nje kabisa ya ulinzi alioulipia. Bajeti iwe na nafasi ya kifaa tofauti cha Wi-Fi kitakachochomekwa ndani ya faiawoli, na ruta ya mbele iwekwe katika hali ya daraja, yaani ipitishe mawasiliano tu, ili anwani zisibadilishwe mara mbili.

Nafasi ya tatu na ya nne: Firewalla na UniFi

Kwa nyumba ambayo hakuna anayetaka kujifunza kanuni za mtandao, Firewalla ni chaguo la haki. Husimamiwa kwa programu ya simu, hutoa taarifa kifaa kipya kinapojiunga, na kazi zake za msingi hazidai ada ya kila mwezi. Ninaiweka ya tatu kwa sababu hatima yake imefungwa kwa kampuni moja, na kampuni ikiondoka sokoni mnunuzi hubaki na kifaa ambacho hakina mrithi.

Visanduku vya UniFi kutoka Ubiquiti vinamfaa zaidi anayetaka Wi-Fi, swichi na faiawoli katika skrini moja. Masasisho hayana ada, na ugunduzi wa mashambulizi umo ndani. Tatizo ni kwamba anayeanza na kimoja huishia kununua vyote vya chapa hiyo, na bei ya jumla hupanda polepole bila kuonekana.

Nafasi ya tano: MikroTik

MikroTik ya Latvia hutoa uwezo mwingi kwa bei ndogo, na leseni ya RouterOS, mfumo endeshi wake, huja na kifaa bila ada ya mwaka. Kama ningepima kwa uwezo dhidi ya bei peke yake, ingekuwa juu kabisa. Lakini menyu zake zimeandikwa kwa ajili ya mafundi, na ni rahisi kufuta kanuni moja muhimu bila kujua. Kasoro ya Winbox, programu ya kusimamia vifaa hivyo, iliyozibwa mwezi Aprili 2018 iliendelea kutumiwa na wadukuzi kwa miezi mingi baadaye, kwa sababu wenye vifaa hawakusakinisha sasisho lililokuwepo tayari. Fundi aichukue, asiye fundi aipite.

Nafasi ya mwisho: faiawoli za ofisi

FortiGate, SonicWall na WatchGuard ni vifaa imara vilivyotengenezwa kwa biashara zenye mtu wa kuvihudumia, na vilivyokwisha kutumika huuzwa kwa bei ya kutupa. Bei hiyo ina sababu yake. Orodha za virusi, vichujio vya tovuti na mara nyingi hata programu mpya hutegemea usajili unaolipiwa, na usajili ukiisha kifaa hubaki kikiendesha kinga ya siku ulipokoma. Mtu wa nyumbani asinunue.

Vifaa hivi ndivyo pia mfano mzuri wa kusoma takwimu za kasi. FortiGate 60F imeandikiwa gigabiti 10 kwa sekunde kama faiawoli, ila ukiwasha ulinzi wote dhidi ya vitisho hushuka hadi megabiti 700. Ubiquiti USG ya zamani ilishuka zaidi: kutoka karibu gigabiti 1 hadi megabiti 85 pale ugunduzi wa mashambulizi ulipowashwa. Tafuta takwimu ya kazi utakayoiwasha kweli, uilinganishe na kasi ya intaneti unayolipia. Kama unaunganishwa kwa PPPoE, yaani njia ambayo ruta huingia kwa kampuni ya intaneti kwa jina na nywila, acha nafasi kubwa zaidi, hasa kwa OPNsense na pfSense, ambazo kwa kawaida hubebesha kazi hiyo kiini kimoja tu cha prosesa.

Kifaa kikifika, kipime ndani ya muda wa kukirudisha dukani. Chukua simu, zima Wi-Fi yake ili itumie data ya mtandao wa simu, kisha kagua milango (ports, yaani namba ambazo huduma za mtandao hupokelea miunganisho) ya anwani yako ya nyumbani kwa programu ya kukagua, kwanza kwa IPv4, halafu kwa anwani ya IPv6 ya kompyuta yenyewe. Mlango wowote unaojibu ambao hukuufungua kwa makusudi utafutiwe sababu siku hiyohiyo, na ikiwa ni ukurasa wa usimamizi wa faiawoli unaojibu kutoka nje na hauwezi kuzimwa, kirudishe kifaa.