Washauri Waliohesabu Mishahara Wakaisahau Kazi

Kampuni yetu ya usambazaji wa bidhaa jijini Dar es Salaam ilipofikiria kupunguza wafanyakazi, uongozi uliamua kwanza kuwatafuta washauri wa nje watathmini athari za hatua hiyo. Nikiwa afisa utumishi, mimi ndiye niliyefanya nao kazi kwa wiki sita. Jina lao nitalihifadhi.

Katika hesabu ya stahiki sina la kuwalaumu. Kwa kila mfanyakazi walionyesha malipo ya notisi, likizo ambayo hajaichukua na kiinua mgongo kwa mujibu wa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, yaani mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, ukomo ukiwa miaka 10. Anayelipwa shilingi 780,000 kwa mwezi, ambazo zikigawanywa kwa siku 26 ni shilingi 30,000 kwa siku, angepata kiinua mgongo cha shilingi 2,100,000, awe ametumika miaka 10 au 18. (Ukomo huo wakongwe wengi huusikia kwa mara ya kwanza siku wanayoondoka.)

Walipoteleza ni ghalani. Ripoti ilipendekeza watunza ghala 8 wabaki 5, kisha ikasema, kwa sentensi moja tu, kwamba pengo litazibwa kwa saa za ziada. Jioni moja nilikaa na kalamu. Watu 3 wanaofanya kazi saa 45 kwa wiki wanaondoka na saa 540 katika wiki nne. Hao 5 wanaobaki, ambao sheria hairuhusu kila mmoja wao avuke saa 50 za ziada katika kipindi hicho, wanaweza kufidia saa 250, tena kwa malipo ya mara moja na nusu. Saa 290 hazikuwa na mwenyewe. Huenda kazi kweli ilikuwa imepungua, lakini hakuna mshauri aliyekwenda kuhesabu malori yanayopakiwa kwa siku. Mahojiano yao yote yalifanyika na wakuu wa idara, ofisini.

Nilipowapelekea hesabu hiyo hawakubisha. Walikaa ghalani siku tatu, wakaiandika upya sura hiyo bila kudai ada ya nyongeza, na safari hii wakapendekeza apunguzwe mtu 1. Kwa hesabu za stahiki ningewaita tena kesho. Kwa tathmini ya kazi, ningetaka siku za ghalani ziandikwe kwenye mkataba kabla ya kulipa malipo ya awali.