Gari Limelala Upande: Cha Kununua Kwanza na Cha Kuacha Dukani

Ukisimama nyuma ya foleni ya magari pale Kibuye au Bwaise, hapa Kampala, utayaona baadhi yamelala upande mmoja kama mtu aliyebeba ndoo ya maji kwa mkono mmoja. Mengi ni Prado, Pajero, Surf na Land Cruiser za miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, ambazo bado zinatumika nchini Uganda hata baada ya sheria ya mwaka 2018 kuzuia kuingiza magari yaliyozidi miaka 15 tangu yatengenezwe. Mwenye gari la namna hiyo mara nyingi huenda dukani akanunua shokapu mpya, akafungiwa, na kesho yake gari likabaki limelala vile vile. Mimi pia nilifanya hivyo na Prado yangu ya mwaka 1998, na muuzaji alinihakikishia kwa moyo mkunjufu kabisa kwamba tatizo lingekwisha. Shokapu haibebi uzito wa gari, bali hutuliza mtikisiko wa springi. Kinachobeba ni springi, na kwa hiyo mpangilio wa ununuzi ninaoutoa hapa unaanzia kwenye kile kinachobeba.

Kabla ya kutoa hata shilingi moja, pima. Jaza upepo sawa katika magurudumu yote, toa mizigo, kisha uegeshe gari kwenye sakafu ya zege. Pima kutoka katikati ya kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa madigadi ulio juu yake, katika pembe zote nne, uandike. Kwa kuwa hata sakafu ya kituo cha mafuta huwa na mteremko kidogo wa maji, geuza gari litazame upande wa pili, pima tena palepale, na uchukue wastani. Tofauti ya milimita 5 hadi 10 kati ya kushoto na kulia ni jambo la kawaida katika magari haya, hasa ikiwa dereva, betri na tangi vimeelemea upande mmoja. Ikizidi milimita 15, huenda kuna kitu kimechoka au kimevunjika.

Kinachofuata ni kujua tatizo liko mbele au nyuma, kwa sababu pembe moja iliyoshuka nyuma huweza kuiinamisha pembe ya mbele. Weka jeki katikati kabisa ya chesisi kwa nyuma na uinue mpaka springi za nyuma ziache kubeba. Ikiwa mbele kumenyooka, mgonjwa yuko nyuma. Ikiwa bado kumelala, yuko mbele. Halafu mwombe fundi abadilishane springi ya kushoto na ya kulia. Ugonjwa ukihama pamoja na springi, umepata jibu. Usipohama, usinunue springi: tazama bushi (vipande vya mpira vilivyo kwenye maungio ya mikono inayoshika magurudumu), mipira ambayo bodi huikalia, na chesisi yenyewe, hasa kama gari limewahi kupata ajali. Bushi nazo zina mtego wake. Fundi akikaza bolti za mikono ya chini wakati magurudumu yananing'inia hewani, mpira wa bushi hujisokota gari linaposhushwa, ukazuia upande huo usikae chini vizuri, na baadaye ukachanika. Bolti hizo hukazwa gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Nimeona gari lililonyooka kwa kulegeza bolti nne, kulitikisa na kuzikaza upya, bila kununua chochote.

Kama ni springi, nafasi ya kwanza katika orodha yangu inakwenda kwa pea ya springi mpya, na neno pea ni la lazima. Springi moja mpya ikikaa pembeni mwa mwenzake mwenye miaka 25, gari litalala upande wa pili. Chuma kilichochoka hakijapoteza ugumu wake kwa kiasi cha maana. Kimepoteza urefu, na urefu huo haurudi.

Ugumu wa springi mpya uchaguliwe kwa uzito unaoubeba kila siku, si ule unaoubeba Krismasi mnapokwenda kijijini. Watengenezaji wa Australia kama Old Man Emu, Dobinsons na King huuza springi za nyuma za gari lile lile katika madaraja kadhaa, kulingana na mzigo wa kudumu. Anayepeleka watoto shule Ntinda akinunua daraja la kilo 400, gari litainuka mkia na kurukaruka juu ya kila tuta la barabarani mpaka familia imchukie. Anayeshusha matoke kutoka Mbarara kila wiki naye akinunua za kawaida, atarudi dukani mapema. Tofauti huonekana ndogo kwa macho, ila fizikia yake ni kali: waya wa springi ukiongezeka unene kwa asilimia 10 tu, mengine yakibaki vile vile, ugumu huongezeka kwa karibu asilimia 46.

Nenda dukani na namba ya modeli iliyo kwenye bati la chumba cha injini, usiende na jina la gari tu. KZJ95 ya dizeli na RZJ95 ya petroli zote ni Prado na zinafanana kwa nje, lakini injini zake hazina uzito mmoja na springi zake za mbele hazipaswi kuchukuliwa kuwa sawa. Uliza pia kama springi za kushoto na za kulia ni tofauti. Toyota yenyewe ilitofautisha pande hizo kwa baadhi ya modeli, na baadhi ya pea za kisasa huja na moja ndefu kidogo kuliko nyingine. Soma karatasi iliyo ndani ya boksi ujue ipi inakwenda wapi, kwa maana ukizigeuza utakuwa umelipa ili gari lilale zaidi. Usipandishe kupita milimita 50 juu ya urefu wa kiwandani bila kufikiria pembe za jointi za ekseli ya mbele na urefu wa mipira ya breki. Shokapu zibadilishe siku hiyo hiyo ikiwa zinavuja, kwa kuwa gharama ya kufungua ni ile ile.

Wenye Pajero za kizazi cha pili, Isuzu Trooper, Surf za zamani na Land Cruiser 100 wana bahati yao. Mbele hazina springi za mviringo bali fito ndefu za chuma zinazojisokota, na kila ufito una bolti ya kurekebisha urefu. Kwao, nafasi ya kwanza ni spana. Fundi ainue gari ili uzito utoke, apige alama mahali bolti ilipo, aizungushe kidogo upande ulioshuka, ashushe, aendeshe mita mia kadhaa ndipo apime. Akizidisha, gari litagonga vizuizi vya juu kila gurudumu linapoingia shimoni, maana nafasi ya kushuka imekwisha. Fito hizo zina upande wake. Ya kushoto haihamishwi kulia. Kwa hiyo jaribio la kubadilishana nililolitaja hapo juu haliwahusu. Land Cruiser 100 zenye mfumo wa mafuta unaopandisha na kushusha gari zitafutiwe fundi anayeujua mfumo huo.

Nafasi ya pili ni speisa ndogo ya upande mmoja, kwa gari ambalo springi zake ni nzima lakini linalala kwa milimita 10 au 20. Ni pete ya chuma, alumini au plastiki ngumu. Katika Prado ya springi za mviringo mbele, pete inayokaa juu ya shokapu yenye unene wa milimita 6 huinua pembe hiyo kwa takriban milimita 12, kwa sababu mkono wa chini hufanya kazi kama wenzo, kwa hiyo usinunue nene ukidhani zinalingana. Kinachogharimu hapa ni kufungua na kufunga. Ikiwa pete inakaa ndani, juu ya springi, kazi hiyo ifanywe na mwenye kibano halali cha springi, kwani springi iliyobanwa kwa waya na nyundo ikifyatuka huua mtu.

Ya tatu ni springi zilizotumika kutoka Japani, ambazo hupatikana Kisekka na Ndeeba. Siwakatazi watu. Japani ina barabara laini na nyingine hutoka zikiwa na hali nzuri, ila zisimamishe mbili sambamba juu ya meza na uzilinganishe urefu, hesabu mizunguko, na uchunguze ncha za mwisho, mahali ambapo kutu hula na chuma hukatika. Rangi mpya nyeusi inayong'aa juu ya springi ya zamani inanitia shaka kuliko kutu iliyo wazi.

Ya nne ni mifuko ya hewa inayoingizwa ndani ya springi za nyuma. Inafaa kwa gari ambalo siku nyingi ni tupu na siku chache hubeba mzigo mkubwa, lakini haitibu springi iliyochoka. Ukiifunga, dai kila upande uwe na mrija na vali yake. Mirija ikiunganishwa, kwenye kona hewa hukimbia kutoka upande ulioelemewa kwenda ule mwepesi, na gari hulala zaidi. Tofautisha na magari yaliyotoka kiwandani na mifuko ya hewa, kama Land Rover Discovery 3 na baadhi ya Prado 120 kwa nyuma. Likikutwa limeshuka asubuhi, paka maji ya sabuni kwenye mifuko na maungio, utazame mapovu. Mfuko ukiwa ndio uliotoboka, ubadilishe mapema kabla kompresa haijaungua kwa kujaza bila kupumzika. Kompresa nayo ikiwa imekufa, hapo ndipo kubadili kuwa springi za kawaida kunapoanza kuwa na hesabu.

Mwisho kabisa, chini ya orodha, naweka vipande vya mpira vinavyopachikwa kati ya mizunguko ya springi, na chini yake tena, springi iliyochomwa moto ikavutwa ili iwe ndefu. Mafundi wa Katwe wana mikono ya ajabu na vyuma, lakini springi iliyopata moto wa karakana hupoteza ukakamavu iliopewa kiwandani, ikarudi chini au ikakatika. Mpira nao huzuia mizunguko michache isifanye kazi, na mzigo wote ukahamia kwenye iliyobaki.

Baada ya kufunga chochote kati ya hivi, tembea nalo wiki mbili, pima tena pembe nne kwa karatasi ile ile, ndipo ulipeleke alaimenti, yaani kunyooshwa pembe za magurudumu, kwa sababu springi mpya hukaa chini kidogo mwanzoni. Taa za mbele hazisubiri wiki mbili. Mtu aliyezirekebisha mkia wa gari ukiwa umeshuka alizielekeza chini zaidi, na sasa mkia ukiinuka utaona mita chache tu za lami. Na kama tatizo lilikuwa mbele, mambo yatakuwa kinyume na utawapofusha wanaokuja. Zirekebishwe siku hiyo hiyo, kabla hujaingia barabara ya Masaka usiku.