Kipande cha tungsteni cha kukingia ribiti: ghali, kizito, na sikirudishi

Najijengea ndege, na bati zake hushikwa kwa ribiti, vijipini vya alumini: bunduki ya upepo hupiga kichwa kwa nje, nawe kwa ndani unakingia ncha kwa kipande kizito ili ibonyee iwe kichwa cha pili. Ribiti za mkia mzima nilizikingia kwa kipande cha chuma cha kawaida, na kiwiko cha kushoto bado kinanidai. Kwa mabawa nikajikaza nikanunua cha tungsteni. Ukikiona utadhani umeibiwa: ni kidogo kuliko kipande cha sabuni ya kufulia. Ukikishika ndipo unaelewa, maana kina uzito zaidi ya mara mbili ya chuma cha ukubwa uleule.

Siku ya kwanza nilijikwaa. Mkono ulishazoea muda wa kile cha zamani, basi ribiti kumi za mwanzo, zile ndogo za milimita 2.4, nikazisaga zikawa bapa kama vifungo vya shati. Kichwa cha ndani hutakiwa kiwe na upana wa mara moja na nusu ya kipenyo cha ribiti, na kimo cha nusu yake. Kwa hizi ni milimita 3.6 kwa 1.2. Vyangu havikukaribia. Nne nikazitoa kwa drili, na aliyewahi kutoa ribiti anajua tundu linavyopenda kupanuka. Nikapunguza upepo wa kompresa, kazi ikatulia.

Tangu hapo, raha. Cha chuma kilikuwa kinadunda, ukipepesa macho ribiti imelala upande. Hiki kinabaki palepale, mapigo machache tu yanatosha, na kichwa kinatoka duara. Mapigo machache yana faida nyingine: ribiti ya alumini ikigongwa sana hukakamaa, mwisho hupasuka. Mke wangu ndiye anayeshika bunduki, mimi nimejikunja ndani ya bawa. Zamani nikipiga kelele "Acha!" tulikuwa tumeshachelewa. Siku hizi mara nyingi anaachia kabla sijafungua mdomo.

Kasoro zipo. Kona zilikuja kali, zikachora bati kabla sijazilainisha kwa msasa. Zungushia utepe pande zote usizogongea. Kikikuponyoka hakisamehe: bati la chini la bawa langu lina kibonyeo kimoja, na sitasema nani alikidondosha. Kwenye pembe finyu kati ya ubavu wa bawa na mhimili, ile boriti yake kuu, hakipiti kabisa, huko narudi kwa kile cha chuma. Na kingo za bati zinazofikiwa na koleo la kubania ribiti, usihangaike nacho, bana tu.