TAHADHARI kwa wanaotafuta nyumba ya kupanga Goba, Madale na Mbezi: anayekupa funguo anaweza kuwa mpangaji mwenzako

Ndugu zangu, kama unatafuta nyumba pembeni ya mji wa Dar es Salaam, hasa upande huu wa Goba hadi Madale, soma hii kabla hujatuma hata shilingi. Machi mwaka huu mimi na mume wangu tulipoteza shilingi 1,070,000 kwa mtu aliyejiita mwenye nyumba. Siku ya kuhamia tulikuta familia nyingine mbili getini, kila moja na kirikuu chake kimejaa vitanda na magodoro, na kila moja na mkataba wake mkononi.

Tulikuwa tunakaa Sinza. Kodi ilipopanda tukaanza kutafuta nje. Kimara tuliipenda kwa sababu ya mwendokasi, lakini zile za bei yetu zilikuwa ndani sana, unashuka kituoni na bado unahitaji bodaboda asubuhi na jioni. Kigamboni ilimshinda mume wangu kwa umbali wa kazini kwake. Goba ikatuingia moyoni. Lami inakuunganisha na Mbezi Louis, Makongo, Tangi Bovu na Madale, kuna upepo, watoto wanapata pa kuchezea, na watu wake wakarimu. Siku ya kwanza tu, mama mmoja wa genge aliwaita wanangu wakae kivulini kwake jua lisiwachome, akawapa maji ya kunywa bila kutujua. Nikamwambia mume wangu, hapa tutaishi na watu.

Huyo mama nitarudi kwake.

Tangazo tuliliona mtandaoni: vyumba viwili, sebule, jiko, choo ndani, ndani ya fensi, luku yake, 150,000 kwa mwezi, malipo miezi sita. Dalali alitutoza kwanza 20,000 ya kuonyeshwa, wenyewe wanaiita sevisi chaji. Hilo ni la kawaida hapa mjini, kama ilivyo kawaida dalali kuchukua kodi ya mwezi mmoja mkishakubaliana, kwa hiyo halikutushtua. Alitupeleka saa sita mchana, siku ya kazi. Ndani tulimkuta kaka mmoja mtaratibu, amevaa kanzu safi, anatuita "shemeji" na "dada angu". Akasema nyumba ni yake, anahamia Dodoma kikazi, vyombo vilivyobaki atavitoa wiki ijayo. Akatuonyesha kivuli cha hati ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa. Huku nje maeneo mengi hayana hati ya wizara, watu wamenunua kwa karatasi za mauziano, basi tukaona ni sawa.

Nilipotaka kumuaga yule mama wa genge na kumuuliza habari za maji, dalali alinishika mkono: "Dada angu twende tumalizane, kuna mteja yuko njiani na hela yake." Tukaharakishwa hivyo hivyo hadi stationari, mkataba wa kurasa mbili ukachapwa, tukasaini. Mume wangu akatuma 900,000 kwa simu. Jina lililotokea lilikuwa la mwanamke. Kaka akasema laini ni ya mke wake. Dalali akachukua 150,000 yake taslimu. Tukapewa funguo moja ya geti na moja ya mlango, na zote zilifungua. Tulijaribu wenyewe!

Jumamosi iliyofuata kufuli lilikuwa jingine, simu zote mbili hazipatikani, na sisi ni familia tatu barabarani. Ndipo mama wa genge akaja. Akasema, "Mwanangu, yule si mwenye nyumba. Ni mpangaji, kodi yake imeisha juzi. Mbona siku ile hamkuniuliza?" Nililia pale pale. Alitufungulia kibanda chake tukaweka vitu visilowe, maana mvua ilikuwa imeanza.

Mwenye nyumba halisi anaishi Morogoro. Mjumbe alimpigia, akashangaa kuliko sisi. Huyo kaka alipanga kwa kodi ya miezi mitatu, akakaa kwa adabu, akachonga funguo, na wiki mbili za mwisho akazitumia kuipangisha nyumba ile kwa kila aliyekuja. Polisi tulifungua jalada, tukapewa RB. Ofisi ya serikali ya mtaa walitazama kile kivuli cha mauziano wakatuambia muhuri si wao. Ilichukua dakika mbili tu kuutambua. Ofisi yenyewe haiko mbali na pale tulipochapishia mkataba, tungeweza kwenda kwa miguu siku ileile.

Sasa niwaambie ambayo sisi tuliyaona na tukayapita.

Kuonyeshwa nyumba saa za kazi peke yake. Majirani hawapo, wapangaji wengine hawapo, hakuna wa kumuuliza. Omba kurudi jioni saa kumi na mbili au Jumapili. Mwenye nyumba wa kweli hatakataa, na utapata faida nyingine: utaona kama maji yanatoka, kama umeme ni wa nyumba yako au ni wa kuchangia na wenzako, kama baa ya jirani inapiga muziki hadi usiku wa manane. Halafu jina la kwenye simu. Likiwa tofauti na lililo kwenye mkataba, usitume, hata akuletee cheti cha ndoa. Omba kitambulisho cha NIDA, na mkutane mbele ya mjumbe au mwenyekiti wa mtaa mkisaini. Msione haya kuomba hivyo. Sisi tuliona haya, tukadhani tutaonekana wasumbufu na nyumba itatuponyoka.

Na zaidi ya yote, muulizeni muuza genge, mama ntilie, fundi cherehani, bodaboda wa kijiweni. Hawa wanajua nani anamiliki nini, nani amehama lini, kisima cha nani kina chumvi. Dalali anayekuzuia usiongee nao ana sababu. Mtaa wenye watu wakarimu watakwambia ukweli bila kukudai, na mtaa ambao kila unayemuuliza anageuza uso, jiulize kama ndipo unapotaka watoto wako wakue.

Kuna utapeli mwingine unaowapata hata waliokwisha kupanga. Ujumbe unaingia: "Mimi mwenye nyumba wako, ile kodi nitumie kwenye namba hii, ile nyingine ina tatizo." Unatumwa kwa watu ovyo ovyo, lakini ukikukuta wiki ambayo kodi inadaiwa kweli, ni rahisi kuamini. Mpigie mwenye nyumba kwa namba yake ya siku zote, usikie sauti yake. Ujumbe wenyewe usambaze kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu, na namba iliyoutuma uiripoti hapo hapo.

Mengine si wizi wa wazi ila hasara ni ileile. Nyumba za bei ya chini mno kiangazi, nyingi ziko bondeni. Dar ina Msimbazi, ina mto Mbezi, ina Tegeta na Mpiji, na masika yakifika maji hayaulizi umelipa miezi mingapi. Tazama ukutani kama kuna mstari wa matope ya zamani, au rangi mpya iliyopakwa chini tu. Kama nyumba iko kando ya barabara kuu, tafuta alama ya X nyekundu, ile ya nyumba zinazotakiwa kubomolewa. Mwaka 2017 nyumba nyingi za Kimara kuelekea Kiluvya zilibomolewa kupisha upanuzi wa barabara ya Morogoro, na wapangaji walihama pamoja na wenye nyumba. Na luku: kabla hujasaini, nunua umeme wa hela kidogo uone unapata uniti ngapi. Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo inakatwa humo humo, na mita yenye deni itakumeza hela yako ya kwanza. Deni hilo kisheria si la mpangaji, kwa hiyo mkubaliane mapema na mwenye nyumba atakufidiaje.

Sisi bado tuko Goba. Mama wa genge alitupeleka kwa bibi mmoja mjane, mtaa wa pili, vyumba viwili kwa 130,000, tunalipa miezi mitatu mitatu. Tulisaini ofisini kwa mtendaji, bibi akiwa na mwanawe, sisi na mashahidi wetu. Hakuna dalali aliyechukua kitu.

Nimeamua kuandika leo kwa sababu picha zilezile zimerudi mtandaoni. Sasa tangazo linasema ni Madale, bei wameshusha hadi 120,000, na namba ya simu ni mpya. Ukiziona utazijua: sebule yenye vigae vya rangi ya maziwa, dirisha la jikoni lenye pazia la maua mekundu, na nje simtanki jeusi juu ya mnara wa chuma uliopakwa bluu. Usitume hata ile 20,000 ya kuonyeshwa. Na kama umeshatuma, nenda kituo cha polisi leo ukiwa na ujumbe wa muamala kwenye simu, usiufute. Walioibiwa nasi wako tayari kutoa ushahidi.