Kijitabu cha Mwalimu kuhusu waponyaji wa Marekani: kinunuliwe, ila kihamishwe meza

Kwanza bei, maana najua ndiyo mtakayoulizia: franka 10,000, na hapunguzi. Kwa pesa hiyo unapata kurasa karibu tisini za fotokopi zilizobanwa pini mbili ubavuni, na jalada la kijani linalotoa rangi likishikwa na mkono wenye jasho. Anayekiuza ndiye aliyekiandika, mwalimu wa historia aliyestaafu, mwenye meza ya vitabu vya mitumba hapa Lubumbashi, mjini, upande wa Posta. Habari zenyewe ni za waponyaji wa Marekani katika karne ya 19, na wale waliosema wanaongea na wafu, imani ambayo sisi tuliosoma Kifaransa tunaiita spiritizimu. Mimi ni muuguzi, nafanya zamu za usiku kwenye kituo cha afya huko Katuba, na nimekisoma kwa jicho la muuguzi.

Lalamiko langu la kwanza ni meza. Mwalimu amekichanganya na vile vitabu vya siri za nyota, mishumaa ya rangi, zaburi za kumrudisha mume na pete za bahati. Vijana wanaotafuta njia fupi ya utajiri wanakifungua, wanakuta habari za kutapika na kutolewa damu, wanakirudisha haraka. Yule ambaye kingemfaa, mwanafunzi wa udaktari au wa historia, hasogei upande ule, anaogopa kuonekana na watu wa kanisa lake. Nilimwambia hivyo Mwalimu. Akacheka: "Mama munganga, upande ule ndio unaolipia meza." Basi, biashara ni yake. Lakini kijitabu hiki hakimfundishi mtu kuita wafu, na anayekinunua kwa nia hiyo ataona ameibiwa.

Sura mbili za mwanzo ni za akina dada Fox, na zinachosha. Tarehe 31 Machi 1848, katika kijiji cha Hydesville, jimbo la New York, wasichana wawili, Margaret na Kate, walianza kukiuliza maswali kitu kilichokuwa kikigonga ndani ya nyumba yao, nacho kikajibu kwa kugonga. Dada yao mkubwa, Leah, akawachukua Rochester, na Novemba 1849 watu wakalipa senti 25 kila mmoja kuingia ukumbi wa Corinthian ili wasikie wenyewe. Kurasa tano zingetosha. Mwalimu kajaza ishirini na zaidi, na kila kitu kinapogonga naye anaandika ko, ko, ko, kama tuko darasa la kwanza.

Hata hivyo usiuruke ukurasa wa madaktari watatu wa Buffalo, mwaka 1851. Waliwakalisha Margaret na Leah miguu imenyooshwa, visigino juu ya mito laini ili visipate mahali pa kukaza, wakangoja. Milio ikakoma. Wakaandika kwamba sauti inatoka kwenye viungo vya miguu, hasa magoti, wakaenda zao. Kwa mtu wa kazi yangu hiyo ni burudani: uchunguzi mfupi, bila matusi, bila mahubiri. Mwaka 1888 Margaret mwenyewe alipanda jukwaani mjini New York, akavua kiatu, akaonyesha jinsi kidole cha mguu kinavyolia. Mwaka uliofuata akayakana maneno yake, na mwaka 1893 akafa maskini. Waumini hawakutawanyika kwa sababu ya kidole kile, na hapo ndipo Mwalimu anapoanza kuuliza swali la maana: watu hawa walikuwa wanakimbia nini?

Jibu lake liko katika sura ya nne, na hiyo ndiyo iliyonifanya niandike haya yote. Anakuomba ujiweke mahali pa mgonjwa wa wakati ule, halafu umpeleke kwa daktari mwenye shahada. Mwaka 1793, homa ya manjano ilipoishambulia Philadelphia, Benjamin Rush, daktari mwenye jina kuliko wote mjini, aliwapasua watu mishipa na kuwaharisha kwa dawa kali. Mwaka 1799 George Washington aliugua koo. Katika muda usiofika siku moja madaktari walimtoa damu zaidi ya lita 2, akafa. Kisha kuna kalomeli, dawa ya unga yenye zebaki, iliyotolewa kwa kila kitu, kuanzia tumbo hadi homa. Wagonjwa walitokwa na mate bila kukoma, fizi zikaoza, meno yakadondoka, na daktari akahesabu mate yale kuwa ishara kwamba dawa inafanya kazi. Ilibidi vita vya wenyewe kwa wenyewe vifike ndipo William Hammond, mganga mkuu wa jeshi la Kaskazini, aiondoe kwenye orodha ya dawa za jeshi mwaka 1863, na madaktari wengi wakamjia juu.

Sasa katika hali hiyo anatokea mtu asiye na wembe wala unga. Anakushika kichwa, anafumba macho, anasema roho ya daktari aliyekufa imemwonyesha ini lako, anakuandikia chai ya majani. Mwalimu hasemi kwamba mkono ule uliponya. Anasema tu haukukutoa lita 2 za damu. Nimefanya kazi na wagonjwa miaka mingi, na sijawahi kuona jambo hili likisemwa vizuri kuliko hapo.

Watu anaowaleta baadaye wamechorwa vizuri. Yumo Andrew Jackson Davis, kijana wa Poughkeepsie aliyekuwa akijifunza ufundi wa viatu. Mwaka 1843 alilazwa usingizi wa magnetizimu, yaani ule wa kulazwa na mtu mwingine kwa macho na mikono bila dawa, sayansi ya mitaani ambayo Mfaransa mmoja, Charles Poyen, alikuwa ameitembeza New England tangu 1836, na akaanza kutaja magonjwa ya watu akiwa amefumba macho. Kinachonichekesha ni uzee wake: mwaka 1886, akiwa na miaka 60, alichukua shahada ya udaktari, akamalizia maisha yake Boston akitibu watu na kuwauzia dawa za mitishamba. Yumo pia Achsa Sprague, mwalimu wa shule wa Vermont, aliyelala kitandani miaka kwa ugonjwa wa viungo. Aliposimama, karibu mwaka 1854, alisema roho ndizo zilizomwinua, akaanza kuzunguka akihutubia kumbi zilizojaa. Wakati ule mwanamke kuhutubia wanaume hadharani ilikuwa aibu. Lakini kama ni roho inayoongea kupitia kinywa chake, nani atamnyamazisha? Alifariki mwaka 1862, bado kijana.

Ila ninayempenda mimi ni Phineas Quimby, fundi saa wa Belfast, Maine. Alikuwa na msaidizi, Lucius Burkmar, ambaye akilazwa usingizi ule anamwona mgonjwa kwa ndani na kutaja dawa. Quimby akagundua kwamba dawa rahisi ikitajwa badala ya ya ghali, mgonjwa anapata nafuu ile ile. Mwingine angenyamaza aendelee kula pesa. Yeye akamwachisha kazi msaidizi, akaacha na dawa zenyewe, akabaki kukaa na wagonjwa na kuzungumza nao, akiamini kwamba ugonjwa unaanzia kwenye wanachokisadiki. Mmoja wa waliomwendea, mwaka 1862, ni mama ambaye baadaye ulimwengu ulimjua kwa jina la Mary Baker Eddy, aliyeanzisha kanisa lake Boston mwaka 1879. Sisi wa wodini hatuhitaji kuelezwa sana. Hapa kwetu mgonjwa asiyewekewa serumu, yaani dripu, husema hakutibiwa, na akiiona chupa imetundikwa anaanza kuomba bukari, ugali wetu, kabla tone la pili halijaingia.

Pale ninapogombana na Mwalimu ni kwenye madhara. Victoria Woodhull, aliyewahi kufanya uponyaji na kuongea na roho kabla ya kugombea urais mwaka 1872, kapewa kurasa nyingi, na sawa, ni habari tamu. Lakini dada yake, Tennessee Claflin, kapewa mistari mitatu. Baba yao alimtangaza binti huyu kama mponyaji wa kansa, akafungua nyumba ya wagonjwa huko Ottawa, Illinois. Mwaka 1864, baada ya mgonjwa mmoja wa kansa ya titi kufa, binti akashtakiwa kwa kuua bila kukusudia na familia ikaondoka mjini. Mistari mitatu! Mimi nimepokea mtoto saa tisa usiku, kiganja cheupe kwa kukosa damu, malaria imeshapanda kichwani, baada ya kukaa siku kadhaa kwenye chumba cha maombi ambacho sitakitaja. Mambo kama hayo yanataka sura nzima.

Na sura hiyo ingeikamilisha hoja yake mwenyewe, kwa sababu saa ilikuwa inakwenda. Etha, dawa ya kumlaza mgonjwa asisikie maumivu, ilionyeshwa Boston mwaka 1846, na upasuaji ukaacha kuwa mateso ya macho wazi. Mwaka 1882 Robert Koch akamtaja mdudu wa kifua kikuu. Kufikia mwaka 1895 dawa ya dondakoo ilikuwa imeanza kutumika. Mkono ule ule uliokuwa afadhali mwaka 1830, sasa ukimshika mtoto mwenye dondakoo unampotezea muda wa kuishi. Mwalimu anataja kwamba mwaka 1898 William James, mwanafalsafa ambaye naye alikuwa na shahada ya udaktari, alisimama mbele ya wabunge wa Massachusetts kuwatetea waponyaji wasio na vyeti, lakini hasemi kama anakubaliana naye. Nilitaka aseme.

Kasoro nyingine inaniuma kama mtu wa huku. New Orleans, kuanzia mwaka 1858 hadi 1877, kulikuwa na kikundi cha watu weusi huru, Cercle Harmonique, kikiongozwa na Henry Louis Rey, aliyekuwa afisa katika jeshi la Kaskazini. Walikaa mezani, wakaandika kwa Kifaransa maneno waliyoamini yanatoka kwa wafu, na miongoni mwa waliowajia alikuwa Kapteni André Cailloux, mwenzao aliyeuawa Port Hudson mwaka 1863 akiongoza askari weusi. Madaftari yao yapo hadi leo. Watu weusi, Kifaransa, vita, haki ya kupiga kura: Mwalimu, hayo ndiyo ya kusomwa Lubumbashi, nawe umewapa nusu ukurasa na kurudi kwa vidole vya akina Fox!

Picha ni janga. Ipo moja ya William Mumler, yule mpiga picha aliyeshtakiwa New York mwaka 1869 kwa kuuza picha zenye mizuka na kuachiwa huru. Katika nakala yangu fotokopi imefanya kila mtu kuwa mzuka, aliyekaa kitini na aliyesimama nyuma yake. Kurasa mbili zilikuja tupu. Nilipozirudisha, Mwalimu alizipigisha upya pale pale kwa pesa yake, akaomba samahani, akaniongezea kalenda ya mwaka jana. Huduma nzuri kuliko maduka yenye viyoyozi.

Mkitaka kukipata, nendeni kabla ya saa nane mchana. Umeme ukikatika mashine ya jirani yake hailii, na nakala zilizokwisha anasema "kesho" kwa siku nyingi. Pekueni kurasa zote kabla ya kulipa, hasa za katikati. Msikitafute kwa jalada, maana vya kijani pale ni vingi. Mwulizeni mwenyewe, mkimwita Mwalimu, si "papa", hapendi. Na mkiwa mnataka sura ya nne peke yake, anakubali kuitoa kwa franka 2,000. Mimi nimechukua nakala tano za sura hiyo kwa ajili ya wanafunzi wetu wa uuguzi, na pini nimezipiga mwenyewe.